Mnazi wa Posa na Maji ya Muyeye

Sikumwamkia.

Kioko alipoingia uani kwetu Jumapili ile, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola imesimama, kibuyu cha mnazi amekishika shingo kama mtu aliyeshika kuku wa kuchinja, nilikuwa nimeikalia mbuzi nikikuna nazi. Niliendelea kukuna.

"Habari, Mbodze," akasema.

Nikakuna mpaka nikafika kwenye kifuu, na bado nikakuna. Mama alitoa kichwa jikoni, akaona nazi inavyoingia vumbi jeusi la kifuu, akarudisha kichwa ndani. Mama yangu anajua wakati wa kuniacha.

Nyuma ya Kioko alikuja Mzee Menza, mgema wa mtaani kwetu Muyeye, ambaye siku hiyo alikuwa mshenga. Kioko ni Mkamba wa Machakos. Huku pwani hana baba wala mjomba wa kumsemea, ndipo akamwomba mzee huyu aliyempangisha chumba amsimamie kwenye posa. Bila shaka njia nzima alikuwa akimfunza desturi zetu, na kubwa kuliko zote ni hii: mwenye kuposa hafungui mdomo. Mshenga ndiye asemaye. Kijana hukaa, huangalia vidole vya miguu yake, na hungoja.

Nilitaka kucheka kwa uchungu. Kioko kunyamaza! Mtu ambaye Ijumaa, siku mbili tu zilizopita, alisimama juu ya kreti la soda akihutubia nusu ya mtaa, leo ndiyo amekumbuka kuwa mdomo una mlango.

Mpaka mwezi wa tatu mwaka ule wa themanini na sita, Kioko alikuwa afisa katika ofisi ya maji. Alikuwa na meza, pikipiki ya kazi, na nyumba ya serikali. Tulijuana alipokuja katika shule ninayofundisha kuutazama mfereji wetu uliokauka. Alirudi kuutazama tena, akarudi na mara nyingine, na mfereji haukutoa hata tone, ila mimi nikapata mchumba. Kisha siku moja akaacha kazi. Alisema amechoka kuwafungia watu maji kwa amri ya simu. Akahamia chumba cha Mzee Menza, akawa anaishi kwa kuziba mabomba ya watu, na saa zilizobaki anazunguka sokoni, kanisani na kwenye mabaraza akidai jambo moja: ofisi ibandike ukutani, mbele ya macho ya kila mtu, mtaa gani unapata maji siku gani, na nani aliyeamuru mtaa gani ufungiwe. Mama alisema nimependa mwendawazimu. Mimi nilijivunia mwendawazimu wangu mpaka nikawaudhi walimu wenzangu.

Alhamisi akaniambia, "Kesho njoo nyuma ya uwanja wa mpira. Vaa vizuri. Nataka uwepo."

Nilivaa leso mpya, bado ina harufu ya duka. Nilibeba debe tupu kichwani kama wanawake wengine wote. Kioko aliinua kifuniko cha saruji ardhini, akatuita mmoja mmoja tuchungulie, nasi tukaiona koki kubwa ya Muyeye imefungwa kabisa, ina grisi mbichi, haina ubovu wowote. Miezi yote tuliyoambiwa bomba limepasuka! Kisha akapanda juu ya kreti. Akasema koki hiyo hufungwa kwa makusudi ili hoteli mpya ya ufuoni ijaze bwawa la wageni kuogelea, na ili vibanda vya kuuza maji vipate wateja. Akavitaja vibanda hivyo kwa majina ya wenyewe. La mwisho lilikuwa Gona Mwambire.

Gona Mwambire ni baba yangu.

Vichwa vyote viligeuka kunitazama, madebe yakiwa juu yake. Sijui nilifikaje nyumbani.

Sasa mtu huyo huyo amekaa kwenye mkeka wetu na kibuyu cha mnazi. Mama aliwaambia baba anavaa, atatoka sasa hivi. Niliinuka kwenye mbuzi, nikapangusa mikono, nikapita karibu na Kioko.

"Nifuate," nikamwambia.

"Wewe mtoto," akasema Mzee Menza, "kwenda kuzungumza faraghani siku ya posa si desturi."

"Na ya Ijumaa yalikuwa desturi, babu?"

Mzee alikohoa, akageukia minazi ya jirani kana kwamba anaihesabu. "Haya. Lakini upesi."

Nilimpeleka nyuma ya jikoni, kwenye tangi la baba. Tangi letu ni la bati, kubwa kushinda chumba ninacholala, na bomba lake hupita chini ya ua mpaka kibandani kwenye barabara. Tulisimama kwenye kivuli chake. Kioko alikuwa amejikata kidogo kidevuni wakati wa kunyoa. Nilitamani kukipangusa kile kidonda kwa ncha ya leso yangu, na kutamani huko kukanipandisha hasira zaidi.

"Mbodze, niache nikueleze."

"Ulikuwa na muda wa kunieleza! Alhamisi ulikaa na mimi mchana kutwa, ukala mahamri yangu, ukaniambia nivae vizuri. Vizuri, Kioko! Ili nipendeze wakati unamwaibisha baba yangu?"

"Sikumtaja yeye peke yake."

"Mimi nina baba yule peke yake."

Aliinamisha kichwa. "Nilichosema ni kweli."

"Nani amekuambia ni uongo? Ungeniambia mimi kwanza! Ungeniambia, Mbodze, kesho nitasema jambo litakalokuuma, na baba yako yumo. Ningelia. Ningekutukana. Lakini ningekuja pale nikijua, au ningekaa nyumbani nikijua."

"Ungemwambia baba yako."

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini nililisikia vizuri sana.

"Kumbe," nikasema. "Kumbe hukuniamini. Unazunguka Malindi nzima ukidai ofisi isiwafiche watu kitu, kila jambo likae ukutani lisomwe. Mimi unayetaka kunioa, ukuta wangu uko wapi? Mimi ni wa kuambiwa pamoja na umati?"

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?"

"Nilijua nikishakuambia utanichukia," akasema. "Nilitaka ile Alhamisi niwe nayo. Siku moja tu, kabla hujanichukia."

Moyo wangu ulilegea, na sikutaka ulegee. Nilipiga tangi kofi. Lilitoa sauti nzito ya kushiba, maji juu mpaka shingoni.

"Na wewe?" akauliza. "Hukujua kweli, Mbodze? Mtaa mzima umekauka, tangi hili limejaa?"

"Nilijua halikauki. Nani huuliza kwa nini tangi la kwao halikauki? Wewe ulikuwa ukiuliza, kule kwenye nyumba ya serikali, kwa nini mfereji wako ulitoka kila siku?"

Tulitazamana, wote tumekasirika, na nilimpenda kiasi kwamba ningeweza kumsukuma shimoni.

"Mbodze!" Mama aliita. "Baba ametoka."

Baba alikuwa amevaa kikoi kipya na shati la mikono mirefu. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akapokea shikamoo ya Kioko kwa kutikisa kichwa tu. Mimi na mama tulikaa upande wa jikoni, mahali pa wanawake. Mzee Menza aliweka kibuyu katikati ya mkeka, akachomeka mrija wenye kichujio, akaanza.

"Bwana Gona, hii ni kadzama yetu, mnazi wa posa, nimeugema mwenyewe alfajiri. Kijana huyu kwao ni mbali, lakini nyumba anayolala naijua vizuri kwa sababu ni yangu. Halewi, hapigi kelele usiku…"

"Hupiga mchana," baba akasema.

Mzee Menza alisogeza kibuyu mbele kidogo. "Tumekuja kwa heshima, tunaomba binti."

"Nimesikia. Na sauti ya kijana naijua, Ijumaa ilifika mpaka kibandani kwangu." Baba alizungumza taratibu, kama anavyozungumza na watu wanaotaka maji kwa mkopo. "Tuseme yote, kwa kuwa yeye anapenda yote yasemwe. Mimi sikufunga koki ya mtu. Nimejenga kibanda mahali penye kiu. Anayefunga namjua? Namjua. Nampa chai ili tangi langu lisikauke? Nampa. Nani katika mji huu hampi mtu chai? Huyu Mbodze amesoma chuo cha ualimu kwa pesa gani? Kwa debe. Sare yake, viatu vyake, kitanda chake cha chuoni, ni debe, debe, debe. Wala sijamsikia akilalamika."

Nilihisi maneno yale usoni kama moshi wa kuni mbichi. Nilikuwa mwalimu wa watoto waliosinzia darasani kwa sababu walitoka usiku kwenda kuchota maji, na masomo yangu mwenyewe yalilipwa na kiu yao. Nilimtazama mama. Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso yake, pale alipofunga ufunguo wa kibanda. Yeye ndiye anayeuza.

"Sitaki ugomvi na mkwe wangu," baba akaendelea. "Nataka jambo dogo. Ijumaa ijayo apande tena juu ya kreti lake, aseme Gona Mwambire alitajwa kimakosa. Hoteli aiseme. Hao wenzangu awaseme. Atoe jina moja tu. Akikubali, mahari haitatushinda, binti ni wake leo hii, na mnazi tutakunywa."

"Neno zito," akasema Mzee Menza. "Turuhusu nitoke na kijana, tushauriane…"

"Nitasema," Kioko akasema.

Mzee alimgonga gotini. "Nyamaza! Mshenga ni wewe?"

Lakini Kioko alikuwa ameshainua uso. Hakumtazama baba wala mshenga. Alinitazama mimi, macho mekundu kama mtu aliyekesha. "Nitasema nilikosea. Nitatoa jina. Kwa ajili ya Mbodze."

Baba alitabasamu. Tangu Ijumaa sikuwa nimeyaona meno yake. Alijiegemeza kwenye kiti, akanigeukia.

Kwetu mnazi wa posa haunywewi mpaka binti aulizwe. Baba anaweza kumtaka mkwe, mama anaweza kumtaka, ukoo wote unaweza kumtaka. Bila neno la binti hakuna anayegusa mrija. Mara nyingi ni kuulizwa kwa heshima tu: binti huinama, husema "nyweni", na wanawake hupiga vigelegele.

"Mbodze, mwanangu," baba akasema. "Mnazi huu tunywe?"

Nilikuwa nimelingoja swali lile tangu Kioko alipouangalia mfereji wetu mkavu mara ya tatu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi, jinsi nitakavyoinama, jinsi nitakavyosema kwa sauti ndogo ya binti mwenye adabu. Neno lilikuwa mdomoni. Ningelisema, ningekuwa mke wake kabla ya jua kuzama, baba angerudishiwa jina lake, na kila mtu angelala vizuri isipokuwa Muyeye.

"Msinywe," nikasema.

Mama aliacha kukunja leso.

"Mbodze," Kioko akaanza.

"Wewe huna ruhusa ya kusema, hata babu amekuambia!" Nilisimama. "Ijumaa uliniumiza kwa ajili ya ukweli. Sawa. Nililia siku mbili, nikajiambia angalau ni kwa ajili ya ukweli. Leo unautoa ukweli huo huo ili unipate mimi. Basi uliniumiza kwa ajili ya nini? Na wale wanawake waliochungulia shimoni, Ijumaa ijayo utawaambia macho yao yalikosea? Mwanamume niliyemtaka ni yule aliyeacha meza yake. Huyu wa leo simjui!"

"Binti, punguza sauti," akasema Mzee Menza, lakini hakulisema kwa nguvu.

"Umeniaibisha mbele ya wageni," baba akasema. Alikuwa ameinuka naye.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa na hasira naye, na bado nilimpenda.

"Baba, kama alilosema Kioko ni uongo, niambie ni uongo. Neno hilo tu. Liseme hapa, na Ijumaa mimi mwenyewe nitapanda juu ya lile kreti nimwite mwongo mbele ya watu wote, na sitaolewa naye milele."

Tulimngoja. Jogoo alipita katikati ya ua akidonoa machicha ya nazi niliyoyaacha. Baba alifungua mdomo, akatazama tangi lake lililochomoza nyuma ya paa la jikoni, akaufunga.

"Basi," nikasema. "Siku mfereji wa shule yangu utakapotoka maji, Kioko alete mnazi mwingine, na nikiulizwa nitasema mnywe. Kabla ya siku hiyo asiletwe yeye, wala mwingine yeyote. Nimemaliza."

Mzee Menza aliuchomoa mrija, akaupangusa kwenye shati lake, akautia mfukoni. "Neno la binti limetoka, Bwana Gona. Desturi hii si yangu wala si yako." Alichukua kibuyu chake na kwenda zake bila kuaga. Huo mnazi ungekuwa mchungu kesho yake, na nadhani aliumwaga njiani.

Kioko alinisubiri kwenye ua wa makuti, mbele ya barabara.

"Nilikubali kwa ajili yako," akasema.

"Ndiyo maana nimekasirika."

"Ulitaka nifanye nini, Mbodze? Ijumaa nilisema, umekasirika. Leo nimekubali kulitoa jina, umekasirika."

"Nilitaka useme, na uniambie kwanza. Ni vigumu?"

Alitaka kunishika mkono. Niliurudisha nyuma, lakini si haraka sana, na aliliona hilo.

"Bado unanipenda?"

"Usiniulize maswali ya kijinga," nikamwambia, nikaingia ndani.

Usiku ule baba hakula.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, sikuchota maji ya kuoga kwenye tangi. Nilichukua debe tupu, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka mpaka barabarani, na nikajipanga kwenye foleni ya kibanda cha baba yangu nyuma ya wanawake wengine. Mmoja wao alisogea anipishe nipite mbele, kama walivyonipisha miaka yote, nami nikamwambia ahsante, nitangoja zamu yangu. Jua lilipanda. Foleni ilisogea. Miguu iliniuma, na nilistahili kuumwa.

Nilipofika dirishani, mama alikuwa ameshika mpira wa maji. Alinyoosha mkono kuchukua debe bila kuangalia, kisha akaangalia. Nilimwekea senti zangu kwenye mbao.

"Nini hii, Mbodze?"

"Ni za maji, mama."

Alizitazama zile senti. Akanitazama mimi, akatazama foleni nyuma yangu, wale wanawake anaowajua kwa majina ya watoto wao, aliozaa pamoja nao na kuzika pamoja nao. Hakuzigusa. Alifunga maji, akateremsha dirisha mbele ya uso wangu, na nikadhani amenikasirikia. Kisha nikasikia kufuli upande wa pili. Mama akatokea nyuma ya kibanda, leso ameifunga vizuri kichwani, na debe la kwetu mkononi, tupu.

"Mimi sikwenda Ijumaa," akasema. "Nilikuwa nauza. Hiyo koki iko wapi?"

"Nyuma ya uwanja wa mpira, mama."

"Nionyeshe."

Tuliondoka. Sikugeuka, lakini nilisikia madebe yakiinuliwa na kandambili zikitufuata. Njia ya uwanjani hupita mbele ya nyumba ya Mzee Menza. Nilimwambia mama angoje, nikaenda kugonga mlango wa chumba cha mwisho, nikagonga kwa ngumi. Kioko alifungua akiwa na fulana tu, mswaki mdomoni. Alimwona mama yangu barabarani, mama akajifunika uso kwa leso kama ilivyo adabu mbele ya mkwe, naye akaruka nyuma ya mlango kutafuta shati.

"Nini tena, Mbodze?" akauliza kutoka ndani. "Umekuja kunitukana?"

"Nitakutukana baadaye, bado nina hasira na wewe," nikamwambia. "Vaa upesi. Mama mkwe wako anataka kuonyeshwa koki."